Mume Aliyefia Gazetini

Siku Tata Emong alipokufa gazetini, bibi yangu Perpetua ndiye aliyekuwa akisoma.

Wakati huo alikuwa msichana, ametoka kumaliza chuo cha ualimu mjini. Kila Jumatano basi la asubuhi lilipotupa furushi la magazeti njia panda ya Cabaroan, kitongoji chetu, yeye ndiye aliyeitwa. Gazeti lilikuwa la lugha yetu, Kiilokano cha kaskazini mwa Ufilipino, nakala moja kwa kila kitongoji. Watu walikusanyika uani kwa Nana Crispula, mke wa Tata Emong (wazee kwetu huitwa Nana na Tata, mama na baba), kwa sababu uwanja wake ulikuwa mpana, na kwa sababu mwanawe Eustaquio alikuwa mwandishi huko Manila. Wanawake walikuja na majani ya tumbaku ya kutunga kwenye vijiti, wanaume walikuja na jogoo wao wa kupigana, wamewapakata kama watoto wachanga.

"Ruka siasa," alisema Tata Gorio, kiongozi wa kitongoji. "Anza na ya kututoa machozi."

Perpetua akafunua kurasa, akakuta jina wanalolijua. Juu yake paliandikwa: *Sarita ni Eustaquio Galinato*, yaani sarita ya Eustaquio Galinato.

Yote yaliyofuata yalitoka katika neno hilo la kwanza. Kwetu hadithi ni sarita, na maneno anayoyasema mtu kwa kinywa chake nayo ni sarita. Mhariri aliyelichapa alikusudia hadithi. Watu wa uani walisikia: haya ndiyo maneno ya Eustaquio.

Na maneno yenyewe yalianza hivi: "Baba yangu, Emong Galinato, amelala katika udongo mwekundu wa Hawaii. Alianguka mwezi wa Machi kati ya mistari ya miwa, panga likiwa bado mkononi. Wenzake walimtambua kwa kovu la juu ya nyusi, pale alipopigwa teke na nyati wetu wa kulimia siku niliyozaliwa."

Uani jogoo walibanwa midomo.

Tata Emong alikuwa ameondoka na meli mara tu baada ya vita, pamoja na wanaume wengi wa kwetu, kwenda kukata miwa Hawaii. Mwanzoni barua zilikuja, halafu zikaanza kuchelewa, na kwa miaka miwili sasa hazikuja kabisa. Kila Jumatano Nana Crispula alikwenda njia panda kungoja basi lile lile la magazeti, akarudi mikono mitupu, akafagia uwanja kabla watu hawajafika.

"Acha hapo," alisema. "Rudia kuanzia kovu."

Perpetua akarudia. Nana Crispula alisikiliza mpaka mwisho, akakung'uta vipande vya tumbaku mapajani, akapanda ngazi ya nyumba. Alipotoka alikuwa amevaa gauni jeusi alilomzikia mama yake.

"Lakini kwa nini amweleze mama yake gazetini?" mtu mmoja alinong'ona.

"Haya," alijibu Tata Gorio. "Kijana ana haya. Angekuja kumwambia usoni, mama angezimia mikononi mwake. Kaliweka gazetini ili sote tuwepo."

"Ni malezi mazuri hayo," alisema Nana Basilisa, kiongozi wetu wa sala.

Kwetu habari mbaya haimwagwi usoni mwa mtu. Anatumwa mjomba, naye mjomba anaanza na mvua, anahamia kwenye mifugo, na akifika kwenye kifo msikilizaji amekwisha kaa chini. Gazeti lilionekana kuwa mjomba wa aina mpya, wa watu waliosoma. Ni Perpetua pekee aliyeona jambo lisilokaa sawa.

"Nana Basilisa, huku mwisho marehemu anasimama miguuni pa kitanda cha Manong Takyo. Anaongea naye." Ndivyo alivyomwita Eustaquio: Manong, yaani kaka, na Takyo, jina la nyumbani.

"Sasa ajabu iko wapi? Siku za mwanzo wote huongea."

Sala za siku tisa zikaanza jioni ile ile.

*

Tata Gorio alikwenda mjini kupeleka simu ya maandishi. Alijua Eustaquio anajua kuhusu kifo, kwa hiyo alitaka tu kumkumbusha siku ya mwisho ya sala. Karani wa posta alimwambia afupishe. Yeye akafupisha, akafupisha tena, mpaka yakabaki maneno haya: BABA AMEFARIKI NJOO KABLA YA IJUMAA.

Watu wanaomsoma Eustaquio Galinato leo humwona katika picha za vitabuni akiwa mzee mwenye miwani, ukuta wa vitabu nyuma yake. Kijana aliyepokea simu ile alikuwa akiishi chumba kimoja na wanafunzi wengine, anaosha vyombo vya mama mwenye nyumba ili apunguziwe kodi, na anaandika hadithi zake kwa Kiingereza kwa sababu magazeti ya Manila yenye zawadi yalitaka Kiingereza. Hadithi ya baba kufa ilikuwa imeshinda mojawapo ya zawadi hizo. Mtu wa gazeti la kwetu alipomwomba ruhusa ya kuitafsiri, alisema "tafsiri tu," akaenda zake darasani. Alikuwa na hadithi nyingine kichwani. Hakuwaza uwanja wa mama yake.

Sasa alisoma simu ya Tata Gorio akiwa amesimama mlangoni, mikono ina povu la sabuni, na jambo alilolifikiria ni moja tu: nimemwandika, na amekufa.

Alimsimulia bibi yangu safari ile baadaye. Alilia ndani ya basi kuanzia Manila mpaka jua lilipozama, na mama mmoja aliyekaa karibu naye, asiyemjua, alimtia karanga za kuchemsha kiganjani, akasema, "Kula, mwanangu. Hata kulia kunataka nguvu." Akala, akaendelea kulia.

Mama yake alimpokea chini ya ngazi. Eustaquio alipiga magoti, akauchukua mkono wake na kuuweka kwenye paji la uso, kama tunavyowaamkia wazazi wetu, na hakuuachia. Walilia pamoja kwa muda mrefu. Halafu mama, kwa kuwa ni mama, akamuuliza kama amekula.

"Inang," alisema alipokwisha kukaa, "nani alileta habari?"

"Habari gani?"

"Ya Tatang. Nani aliandika? Ni kampuni? Ni mwenzake wa kambini?"

Nana Crispula akamtazama kama anavyotazamwa mtu mwenye homa. "Ni wewe."

"Mimi?"

"Sasa nani mwingine? Perpetua alitusomea. Ulisema vizuri, mwanangu. Pale kwenye kovu ulisema vizuri sana."

Eustaquio alifungua kinywa, lakini watu walikuwa wakipanda ngazi kwa ajili ya sala, kila mmoja akimshika bega na kumpa pole. Nana Basilisa aliweka mbele ya picha ya Tata Emong sahani ya marehemu: wali wa kunata, yai, na kikombe cha mvinyo wa miwa. Sala ikaanza. Na sala ilipokwisha, Nana Crispula akajifunika kichwa kwa shali nyeusi na kuanza dung-aw.

Dung-aw ni maombolezo ya kuimba. Mjane humwambia marehemu maisha yao yalivyokuwa, na kwa kuwa anayeambiwa hawezi kujibu, husemwa hata yale ambayo hayasemwi. Bibi yangu alikuwepo. Sauti ya Nana Crispula, anasema, haikuwa nzuri. Ilikuwa ya mtu anayezungumza akiwa amebeba kitu kizito.

"Emong, ay Emong,
nyati tulimuuza, wala sikukuambia. Ningekuambia wapi?
Watu waliniuliza, umepata barua? Nikasema inakuja.
Nilisingizia meli, nilisingizia posta,
nilisingizia dhoruba za bahari nisiyoijua.
Nimechoka kukutungia sababu, Emong.
Paa lilivuja upande wangu wa mkeka,
wala sikuhamia upande wako. Niliuacha mkavu, ukingoja mgongo wako.
Leo nahamia, Emong. Leo nahamia."

Wanawake walikuwa wakilia. Eustaquio hakulia tena. Alikuwa amekaa pembeni na mikono kati ya magoti, na Perpetua alipomwangalia aliona uso wa mtu anayeogopa.

*

Asubuhi ya siku ya tisa aliwavuta pembeni Tata Gorio na Perpetua, nyuma ya jiko, ambako nguruwe alikuwa ameshachinjwa na wanaume walikuwa wakimkwangua manyoya kwa maji ya moto.

"Tata," alisema, "baba yangu hajafa."

Tata Gorio akatazama huku na huku. "Punguza sauti. Nani kasema?"

"Hakuna aliyesema. Yaani, sijui kama amekufa au yu hai. Ile niliitunga."

"Hujui vipi, na wewe ndiye umemuua?"

"Nilimuua kwenye hadithi tu, Tata!"

"Kwa jina lake? Na kovu lake? Huyu kijana!" Tata Gorio akajipiga paji la uso. "Huko Manila majina yamekwisha?"

Perpetua alikuwa ameshika shavu. Aliyeisoma ni yeye, na sauti iliyomfisha Tata Emong ilikuwa yake. "Lazima umwambie Nana," alisema.

"Atamwambia," Tata Gorio alisema haraka. "Lakini si leo. Watu wanatoka vitongoji vitatu. Nguruwe ndiye huyo. Na mama yako amekwisha kuimba yote. Mwanamke akishamwambia mumewe mambo kama yale mbele za watu, unataka kwenda kumwambia kuwa mume anaweza kurudi Jumatano?" Akashusha pumzi, na uso wake ukabadilika. "Sikiliza, Takyo. Mimi si mjinga. Miaka miwili nimemwona mama yako njia panda. Wiki hii ndiyo ya kwanza ametembea kama mtu aliyeshiba usingizi. Ukimwambia, unamrudisha kule barabarani. Fikiria hilo."

"Na asipomwambia," alisema Perpetua, "amemfanya mjane kwa uongo."

"Wewe ndiye uliyesoma!"

"Nilisoma kilichoandikwa!"

Waliendelea kubishana kwa kunong'ona, na walipogeuka Eustaquio alikuwa hayupo. Alikuwa ameingia jikoni.

Nana Crispula alikuwa amekaa kwenye kigoda, akifunga wali mtamu katika majani ya mgomba kwa ajili ya wageni. Perpetua alibaki mlangoni. Hakukusudia kusikiliza, lakini hakuondoka.

"Inang, nina jambo."

"Sema huku unanishikia kamba."

"Ile niliyoandika haikuwa habari. Ilikuwa sarita."

"Najua ni sarita. Sarita yako."

"Hapana, Inang. Sarita ya kubuni. Niliitoa kichwani. Hakuna aliyeniletea habari ya Tatang. Sijui kama yu hai, sijui kama amekufa. Kama unavyojua wewe, ndivyo ninavyojua mimi."

Mikono ya Nana Crispula ilisimama juu ya jani.

"Kwa hiyo aliyekufa ni nani?"

"Mtu wa kwenye hadithi."

"Anaitwa Emong."

"Ndiyo."

"Ana kovu la Emong."

"Ndiyo, Inang."

"Umechukua jina la baba yako na uso wa baba yako, ukamuua, wakakupa zawadi."

Nana Crispula akalikunja jani, akalifunga, akakaza kamba mpaka likakaribia kupasuka.

"Kwa nini?"

"Inang, hadithi ilihitaji..."

"Usiniletee hadithi ilihitaji! Hadithi haina tumbo, haihitaji kitu. Nakuuliza wewe. Wewe ulihitaji nini?"

Bibi yangu anasema alitamani kukimbia. Kwenye karatasi ya zawadi waamuzi walikuwa wamesifu hadithi ile kwa maneno makubwa, lakini hakuna aliyewahi kumuuliza mwandishi swali hilo.

"Nilichoka kumngoja," alisema hatimaye, sauti yake imekuwa ya mtoto. "Nikaona akiwa amekufa, basi hakutuacha."

Nana Crispula akamtazama mwanawe. Hasira ilikuwa bado ipo usoni mwake, lakini ilikuwa imepata mwenzake.

"Na mimi," alisema taratibu, "ndicho nilichokilalia wiki hii nzima. Hakuniacha, amekufa. Nililala kama gogo." Akavuta jani jingine. "Nipe kamba. Wageni watakuja."

"Utafanyaje, Inang?"

"Kwanza nitamaliza wali."

*

Mchana watu walijaa mpaka nje ya uzio. Kabla Nana Basilisa hajaanza sala ya mwisho, Nana Crispula alisimama kwenye ngazi, bado ndani ya gauni jeusi.

"Jamani, tusikilizane. Emong hajafa. Au amekufa, ila hatujaambiwa. Mwanangu alitunga. Aliyekufa kwa uhakika ni nguruwe, kwa hiyo mtakula."

Nana Basilisa akapiga yowe.

"Mama Maria! Sahani! Siku tisa namlisha mtu hai chakula cha wafu!"

"Atadhurika?" mtu aliuliza.

"Atakosaje kudhurika! Labda sasa hivi kabanwa na tumbo huko Hawaii!"

"Acha abanwe kidogo," alisema mwanamke mmoja nyuma, na kicheko kikapita uani, cha wanawake peke yao.

Wakakubaliana kwamba sahani iliwe na aliyeleta kifo. Eustaquio akakalishwa mbele ya picha ya baba yake, akala wali, akala yai, akanywa mvinyo, Nana Basilisa akimsimamia kama muuguzi. "Meza. Yote. Na uombe radhi."

"Naomba radhi, Tatang," alisema, kinywa kimejaa.

Watu walipokwisha kuona kwamba hakuna madhara, walimzunguka. Hawakuwa na hasira kama alivyotarajia. Walikuwa na maswali.

"Na yule kasisi aliyechukuliwa na mto, wa mwaka juzi?"

"Wa kubuni, Manong."

"Ala! Mimi niliwasha mshumaa wa huyo!"

"Na mwanamke aliyeuza nywele zake?"

"Huyo ni wa kweli. Ila hazikuwa nywele."

"Zilikuwa nini?"

"Niache, Nana. Yu hai, na ana kaka zake."

Tata Gorio alikuwa akigawa nyama, kimya, kama mtu aliyeepuka jambo. Ni Nana Basilisa, aliyekwisha kutulia, aliyemgeukia Nana Crispula na kuuliza lililokuwa mioyoni mwa watu wote.

"Sasa, mwenzangu, hilo gauni unalivua au unabaki nalo? Wewe ni mjane au si mjane?"

Hapo ndipo Eustaquio alipoinamisha kichwa. Hili ndilo alilolifanya: amemnyang'anya mama yake hata jina la kuitwa.

Nana Crispula alifikiri. "Yale niliyomwambia jana usiku," alisema, "mlisikia?"

"Tulisikia wote."

"Siyafuti. Nimechelewa miaka kuyasema, na sasa nimeyasema." Akamgeukia Perpetua. "Mwalimu, gazeti hili linafika Hawaii?"

"Linafika, Nana. Mafurushi yanakwenda na meli. Wanasomeana kambini, kama sisi."

"Basi." Akamtazama mwanawe. "Nawa mikono. Kaa chini uandike."

*

Waliandika siku mbili, kwenye ngazi ya chini, mama akitunga tumbaku na kusema, mwana akiwa na karatasi magotini. Perpetua alikuja kusaidia, kwa sababu Eustaquio, aliyeshinda zawadi ya Kiingereza, alikuwa amesahau namna ya kuandika baadhi ya maneno ya kwao.

"Soma ulipofika," Nana Crispula alisema.

"'Upepo wa jioni ulipita juu ya mpunga, nikaukumbuka uso wako...'"

"Upepo umetoka wapi?"

"Nimeuweka tu, Inang. Ili kuwe na..."

"Toa. Sikusema upepo. Nilisema paa."

Akatoa. Baadaye akaongeza machozi mawili matatu, mama akayatoa pia. "Emong akiona machozi ataruka. Namjua. Akianza kusikia kilio anakwenda kulisha jogoo. Weka nyati, weka paa, weka deni la mbegu. Halafu weka kwamba anakoroma."

"Anakoroma?"

"Kama mashua ya mashine. Weka. Akisikia hilo atajua ni mimi, si mtu wa Manila."

Eustaquio akacheka, mara ya kwanza tangu ateremke basini, na mama yake akacheka naye, kisha akakunja uso kwa sababu alikuwa hajamaliza kumkasirikia.

"Nibadilishe majina?" aliuliza walipofika mwisho.

"La Emong usiliguse. Na langu weka. Safari hii hakuna anayekufa."

Maneno ya mwisho aliyasema akiwa ameacha kutunga tumbaku. "Andika: Emong, ulipokufa nilikwambia yote. Kama u hai, nimekwambia vilevile. Gauni jeusi nimelitundika. Nitangoja mpaka Krismasi, kwa sababu meli ni meli. Baada ya hapo sitangoja. Silii, wala sikulaani. Nakuambia tu, usije ukasema hukuambiwa."

Ilichapwa mwezi uliofuata, na Perpetua akaisoma uani. Watu waliisikiliza kama hawakuwahi kuisikia, ingawa nusu yao walikuwepo ikiandikwa. Hadithi hiyo ndiyo watoto wanayoisoma shuleni siku hizi, na wasomi wameandika mengi kuhusu jinsi Eustaquio Galinato alivyoacha mapambo na kuanza kuandika kwa lugha ya kwao kwanza. Maisha yake yote, kabla ya kupeleka kazi popote, alimtafuta mtu wa kusikiliza, akamsomea kwa sauti, na kila alipoulizwa jambo limetoka wapi na akakosa jibu, alilifuta. Mwanzoni mtu huyo alikuwa mama yake. Alipokufa, kifo cha kweli, cha uzee, akamwendea bibi yangu.

Lakini nisikimbilie huko. Krismasi ilikuwa bado.

Hakuna barua iliyokuja. Wiki ya Krismasi alirudi mtu wa kitongoji cha jirani, Fausto Cabotaje, aliyekuwa Hawaii tangu meli ile ile ya Tata Emong. Alirudi na sanduku la chuma, viatu vya rangi mbili, na kikohozi. Kabla hajafungua sanduku alikuja kwa Nana Crispula, akakaa ukingoni mwa benchi, akaanza na mvua.

"Mvua ilikuwa nzuri mwaka huu, Nana?"

"Fausto," alisema Nana Crispula, "acha mvua. Alisikia?"

Fausto akazungusha kofia mikononi. "Alisikia, Nana. Tulisoma kwa sauti, kambi nzima. Tulipofika kwenye kukoroma, watu walianguka kwa kucheka, maana tumelala naye chumba kimoja."

"Yeye akacheka?"

"Hakucheka."

"Akaenda kulisha jogoo?"

Fausto akashtuka. "Alisimama kama anataka kwenda. Halafu akakaa."

Eustaquio alikuwa amekuja nyumbani kwa sikukuu. Alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, ameshika ukingo wa dirisha.

"Akasema nini?" mama aliuliza.

"Aliomba isomwe tena."

"Tena?"

"Tangu mwanzo. Nikamsomea. Halafu akasema asante, akalala pale pale kambini. Nana, sina zaidi. Ana... kuna watu huko anaoishi nao sasa. Sikutaka kuwa mimi wa kukuambia."

Nana Crispula hakusogea. Nje mtu alikuwa akipasua kuni, na kila pigo lilisikika.

"Na usiku ule," aliuliza, "alikoroma?"

"Hapana, Nana. Usiku ule hakukoroma."

Nana Crispula aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepokea alichokiagiza, kidogo kuliko alivyoomba lakini chake. Akamshukuru Fausto, akamtilia supu, akamwambia kikohozi kile akanywe maji ya tangawizi. Eustaquio alipomshika bega alimpiga kofi dogo mkononi. "Usinitazame hivyo. Sijafa mimi pia."

Baada ya mwaka mpya alimpa Nana Basilisa lile gauni jeusi, kwa kuwa Nana Basilisa alikuwa na matumizi nalo kila mara. Kisha akamwomba Perpetua amsindikize mjini. Nana Crispula alivaa gauni la bluu ya mbingu, na bibi yangu anasema njiani aliimba, vibaya.

Mpiga picha mjini alikuwa amezoea wanawake wa kwetu. Wake wa watu wa Hawaii walikuja kwake mwaka mzima, naye aliwaweka upande mmoja wa picha na kuacha nafasi upande wa pili, ili baadaye abandike uso wa mume kutoka picha nyingine. Hakuuliza. Alimkalisha Nana Crispula kwenye kiti cha kushoto, akarudi nyuma, akajifunika kitambaa cheusi cha kamera.

"Hapo hapo, Nana. Usitikisike."

Nana Crispula akatazama pale palipo patupu karibu naye. Akainuka, akakishika kiti kwa mikono yake miwili.

"Ngoja kwanza, mwanangu," alisema, akikiburuta. "Niweke katikati."